Chupa Tulizokunywa kwa Ajili ya Mazingira

Nilistaafu ualimu nikiwa na sauti nzito, Kiingereza cha kutosha na siku ndefu zisizo na kazi. Kwa miezi kadhaa nilishinda barazani kwangu Ngamiani nikisahihisha makosa ya tahajia kwenye mabango ya maduka, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Mradi mmoja wa mazingira ulipokuja Tanga kutafuta mkalimani, nadhani ni muuza duka mmoja aliyechoshwa na masahihisho yangu ndiye aliyewaleta mlangoni kwangu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mradi ulikuwa na filamu tatu za mazingira zilizotengenezwa nchi za mbali, zote kwa Kiingereza. Tungezunguka nazo vijijini, tutundike shuka jeupe, tuwashe projekta, nami nishike kipaza sauti niseme kwa Kiswahili yanayosemwa mle ndani. Filamu ikiisha, watu wangeuliza maswali, nami ningeyageuza Kiingereza ili mtaalamu wetu ajibu. Mkuu wa mradi, bwana mmoja wa Dar es Salaam ambaye hakuwahi kusema "watu" mahali ambapo angeweza kusema "wadau", aliniita mshauri wa lugha. Nikapewa fulana ya kijani yenye picha ya kasa, na kiti cha mbele kwenye gari. Fulana haikunidhuru. Kile kiti cha mbele ndicho kilichoniharibu.

Tulianza Maramba, ambako watu ni wakulima na bahari huwa wanaisikia tu. Tukawaonyesha kasa aliyenasa kwenye wavu. Walitazama kwa adabu hadi mwisho, kisha mzee mmoja akasimama akauliza kama mnyama huyo anakula mahindi, maana wao wanasumbuliwa na ngedere na nguruwe, na kama sasa anakuja na huyu, waambiwe mapema. Nikamgeukia mtaalamu nikasema kwa Kiingereza kwamba mzee anauliza kuhusu uhusiano wa wanyama na chakula. Mtaalamu akafurahi sana kwa swali hilo.

Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na uliteleza kooni kama uji.

Mtaalamu wetu alikuwa msanifu majengo, binti wa Kizungu, mpole na mchapakazi, ambaye kosa lake lilikuwa moja tu: alituamini. Kazi yake ilikuwa kubuni majengo yasiyoharibu mazingira. Kila tulipofika alipima vivuli kwa hatua, akashika kuta za udongo kama daktari anayetafuta homa, akaandika. Mkuu wa mradi yeye alikuwa akitafuta mahali penye mtandao.

Ushongo tulionyesha filamu mchana, darasani. Ili giza lipatikane, mkuu akaagiza madirisha yote yazibwe kwa nailoni nyeusi, mikunjo na mikunjo aliyotoka nayo mjini. Ndani ya joto lile, watu wakiloa jasho, nikawasomea kwa sauti yangu nzito jinsi plastiki inavyoua bahari. Mama mmoja akauliza ile mifuko ya rambo kwenye picha ni ya nchi gani, kwani hapa si ilishapigwa marufuku? Nikamjibu mwenyewe, bila kumsumbua mtaalamu, kwamba elimu haina mwisho. Tulipoondoka, nailoni tuliiacha. Upepo ulikuwa umeshaanza kuichana.

Kisha tukafika kijiji ambacho sitakitaja, kwa sababu watu wake wamechoka kutajwa. Kiko ng'ambo ya Pangani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Filamu ya siku hiyo ilimhusu Mzungu mmoja mwenye ndevu, huko kwao, aliyejijengea nyumba kwa udongo na chupa za plastiki zilizoshindiliwa mchanga. Alionekana akikanyaga udongo kwa miguu, akipanga chupa, akitabasamu. Mimi nikawa natafsiri: huyu ni mtu aliyeamua kuishi kwa amani na dunia. Watu wote wakanyamaza. Nilidhani wameguswa. Kumbe walikuwa wanamhurumia.

"Masikini," akasema bibi mmoja wa mstari wa mbele. "Kafilisika?"

Akajibiwa na mtu wa nyuma, "Labda kafukuzwa kazi. Mzungu mzima hana hata ndugu wa kumpa matofali!"

Bibi huyo alikuwa mshonaji wa makuti, mjane mwenye miaka kama sabini, mwembamba, na mwenye macho yaliyokupima kabla hujafungua mdomo. Yeye mwenyewe alikuwa amezaliwa katika nyumba ya udongo, akaolewa katika nyumba ya udongo, akalea humo, na wanawe walikuwa wamehangaika miaka hadi wakamsimamishia nyumba ya tofali za saruji na bati. Sasa tumemletea picha ya kumwambia kwamba ile aliyoibomoa ndiyo nyumba ya kisasa.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, hilo neno umelisema mara nyingi. Endelevu. Endelevu ndiyo nini?"

"Ni kitu kinachodumu, bibi. Kinaendelea bila kwisha."

"Ahaa," akasema. "Kama shida ya maji hapa kwetu. Hiyo ni endelevu kabisa."

Watu wakaangua kicheko. Msanifu akaniuliza wamecheka nini. Nikamwambia wamefurahishwa na ubunifu wa yule bwana mwenye ndevu, na wanauliza kama nao wanaweza kupata jengo kama lile.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza mara nyingi. Mkuu wa mradi alikuwa ameketi pembeni yangu, na asubuhi ile alikuwa ameniambia wafadhili wanataka kuona "matokeo". Nami nilitaka kuendelea kukaa kiti cha mbele. Sina sababu kubwa kuliko hiyo.

Basi jengo likaamuliwa. Lingekuwa kituo cha maarifa, mahali pa kuonyeshea filamu za mazingira, lenyewe likiwa mfano wa usanifu bora. Msanifu akachora jengo la duara, zuri kwa kweli, lenye ukuta wa chupa za mchanga chini, na juu mistari mitatu ya chupa tupu za kupitisha mwanga, ili umeme usipotee bure. Akaenda Dar es Salaam kufuatilia vibali, akatuachia kazi ya kukusanya chupa.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba chupa hakuna.

Tulipita ufukweni na magunia asubuhi nzima tukarudi na ndala mbili na kipande cha wavu wa jarife. Chupa zilizoletwa na maji zilikuwa zinaokotwa kabla jua halijachomoza na watu wanaoziuza mjini. Zilizokuwa majumbani zilikuwa na kazi: hii ya mafuta ya taa, hii ya mafuta ya nazi, hii ya asali, hii ya dawa ya mbu. Nilimwomba mama mmoja chupa yake akanitazama kana kwamba nimemwomba sufuria iliyo jikoni.

Mkuu wa mradi hakutetereka. Siku ya pili likaja lori kutoka Tanga limejaa katoni za maji ya kunywa. Kijiji kikaitwa uwanjani. Nikapewa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," nikasema, na hadi leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke, "mnaombwa kunywa maji haya na kurudisha chupa, kwa ajili ya mazingira."

Wakanywa. Siku tatu walikunywa. Wengine walimimina kwenye ndoo wakafulia, na mkuu akakasirika kwamba wanapoteza rasilimali. Yule bibi alikaa kivulini na chupa yake, akanywa taratibu, akaniuliza, "Mwalimu, hivi tukiwa hatuna taka, ni kosa?"

"Si kosa, bibi."

"Maana naona tunafundishwa kuzitengeneza."

Msanifu aliporudi alikuta lundo la chupa refu kunizidi. Macho yalimjaa machozi ya furaha. Akaniuliza watu wamezipata wapi zote hizo. Nikamtazama mkuu, mkuu akatazama bahari. Nikamwambia zimeokotwa ufukweni. Akaliandika hilo.

Jengo likasimama. Mchanga wa kujazia chupa ulichotwa pwani, wiki ileile tuliyoonyesha filamu ya kukataza watu kuchota mchanga pwani. Saruji iliyoingia kati ya chupa na chupa, fundi wa kijiji aliniambia, ingetosha ukuta wa tofali na choo chake. Bibi alipita siku wanayopima mlango akasema, "Hapo mnautazamisha upepo wa kusi. Masika ikija, mvua itaingia kama mgeni aliyealikwa." Nikamtafsiria msanifu kwamba bibi anawatakia baraka.

Siku ya uzinduzi tuliingia na projekta, tukaiwasha, na shuka likabaki jeupe. Zile chupa tupu za juu zilikuwa zinafanya kazi yake barabara: jua lilimwagika ndani hadi ungeweza kuchambua mchele. Filamu ilisikika, haikuonekana. Mkuu akatuma mtu garini kuleta nailoni nyeusi.

Kabla mradi haujafungwa, wafadhili walitaka filamu ya kijiji chenyewe. Akaja mpiga picha, akawarekodi watu, na yule bibi akawekwa mbele ya mikoko, bahari ikiwa nyuma yake, khanga mpya mabegani. Akaulizwa aeleze habari ya chupa. Akaeleza. Filamu ikaenda kuhaririwa Ulaya na mtu asiyejua hata "jambo", na mimi nikapewa kazi ya kuandika maandishi ya chini, kwa Kiingereza.

"Mwalimu," mkuu akaniambia, "tafsiri iwe na mwelekeo."

Nilielewa. Nikaipa mwelekeo. Mkuu mwenyewe hakupata nafasi ya kuitazama filamu. Alisoma maandishi yangu tu akayasifu.

Ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa hoteli moja ya Raskazone, Tanga mjini, kiyoyozi kikipuliza baridi ya kutetemesha meno. Upande wa kulia waliketi wafadhili. Upande wa kushoto waliketi maofisa, walimu, na wanakijiji wachache walioletwa kwa basi dogo. Bibi alikuwepo, na pembeni yake mpwa wake, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Huyo mpwa nilimwona nikamsalimu vizuri kabisa, wala hatari haikunijia akilini.

Bibi akatokea ukutani, mkubwa kama mlango wa msikiti.

"Chupa?" akasema. "Hapa chupa hatukuwa nazo. Chupa hapa ni chombo. Ukimwazima mtu chupa asirudishe, unamfuata mpaka kwake. Hawa ndio waliotuletea. Wameleta maji kwa lori, wakatuambia tunywe, tukanywa hadi tukawa tunapishana njia ya chooni. Wakachukua chupa wakatia mchanga wa pwani, uleule wanaotukataza kuuchota. Basi nyumba ndiyo hiyo. Mvua ikinyesha, usikae upande wa mlango."

Na chini yake, kwa herufi nyeupe safi, Kiingereza changu kikasema: Zamani kijiji chetu kilikuwa kimejaa chupa. Mradi umetufundisha kwamba taka ni mali. Tunashukuru kwa nyumba hii nzuri.

Upande wa kushoto ulilipuka kwa kicheko. Ofisa mmoja alijipiga paja hadi kofia ikadondoka. Upande wa kulia walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuguswa, wengine wamekwisha kushika vifua. Kisha wakageuka kutazama kwa nini wenzao wanacheka shukrani ya bibi mzee. Mgeni mkuu, mama wa Kizungu mwenye miwani, akakunja uso. Nadhani aliona ni utovu wa adabu.

Nikamwona mpwa ameinama sikioni mwa bibi. Bibi akasikiliza. Akasimama, akaweka khanga yake sawa.

"Mwalimu!"

Filamu ikasimamishwa.

"Huyu mtoto ananiambia pale chini pameandikwa nashukuru. Nimeshukuru wapi?"

"Bibi, tutazungumza baadaye."

"Baadaye lini? Maneno yako yananing'inia ukutani sasa hivi, tena chini ya uso wangu."

Mgeni mkuu akaniuliza mama anasema nini. Mkuu wa mradi alikuwa nyuma yangu, nikasikia pumzi yake shingoni. "Mwelekeo, Mwalimu," akanong'ona. "Mwelekeo."

Miaka yote ya ualimu niliwakata alama watoto walioandika jibu tofauti na lililoulizwa. Niliwaita wavivu, niliwasimamisha mbele ya wenzao. Sasa nilikuwa nimesimama mimi, na fulana ya kasa. Nikachukua kipaza sauti. Nikasema kwa Kiingereza kila alichosema bibi: chombo, lori, njia ya chooni, mchanga, mlango. Nikasema maandishi ya chini ni yangu, si yake. Nikasema na zile chupa hazikuokotwa ufukweni.

Wa kwanza kusema alikuwa msanifu. Uso ulikuwa umemwiva. "Lakini wewe uliniambia zimeokotwa," akaniambia, na wala hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

Mgeni mkuu alivua miwani, akamuuliza mkuu wa mradi kama ni kweli. Mkuu alijibu kwa muda mrefu. Nilikuwa mkalimani, nimezoea kupima maneno, na nakuhakikishieni ndani ya jibu lile hapakuwa na ndiyo wala hapana. Baada ya hapo tukaitwa kwenye chakula. Bibi alikula vizuri. Mimi nilikaa peke yangu karibu na mlango, na hakuna aliyenisogelea isipokuwa mhudumu aliyenipa maji. Yalikuwa ya chupa.

Taarifa ya mwisho ya mradi ilisema palitokea "changamoto za tafsiri". Changamoto ndiyo mimi. Mkuu wa mradi alihamishiwa mkoa mwingine kuongoza mradi mkubwa zaidi. Msanifu, kabla hajarudi kwao, alikwenda kijijini kwa basi, bila mkuu, bila mimi. Nilisikia baadaye kwamba alikaa na bibi siku nne wakielewana kwa vidole, wakauziba ule mlango wa kusini wakatoboa mwingine.

Mimi ilinichukua miezi kupata uso wa kwenda. Nilimkuta bibi uani, fito mapajani, anashona makuti.

"Shikamoo, bibi."

Alimaliza kuti lote ndipo akajibu. "Marahaba. Umekuja na maneno yako, au yangu?"

Nikamwomba radhi. Sikuipamba. Akaniacha niseme hadi nikaishiwa, kisha akaniuliza kama nimekula, akaniletea muhogo wa nazi, na nilipokuwa nakula akanieleza habari za kituo cha maarifa. Kina mama walikuwa wamekifanya ghala la makuti. Zile chupa tupu za juu walikuwa wanazichomoa mojamoja kutilia mafuta ya nazi ya kuuza, kwa hiyo ukuta ulikuwa na matundu, na tangu upate matundu ndani pamekuwa na hewa nzuri.

"Ila kuna jambo," akasema. "Ile picha yetu. Kule mjini mmeitazama, Ulaya wameitazama. Sisi wenyewe hatujaiona."

Ni kweli. Katika mipango yetu yote ya kuelimisha jamii, hakuna aliyekumbuka kuwaonyesha.

Mpwa wake alikuwa na nakala. Akaazima projekta ya shule, na jioni hiyo baada ya swala ya magharibi tukatundika shuka kwenye ukuta wa madarasa. Kijiji kizima kilikuja. Nikauliza kama nishike kipaza sauti. Bibi akaniambia nikae mkekani kama watu wengine; leo hakuna asiyeelewa.

Walicheka hadi watoto wakaogopa. Walicheka nguo zao, sauti zao, lile lori. Mpwa alikuwa ameyaondoa maandishi yangu. Bibi alipotokea mbele ya mikoko na kuanza habari ya chupa, walimshangilia, kisha sauti ya mwanamume ikatoka gizani.

"Rudisha nyuma! Rudisha kidogo! Hapo!"

Picha ikasimama. Bibi alikuwa amefumbua mdomo, na nyuma ya bega lake, pale ambapo mimi nilikuwa nimetazama mara ishirini nikiandika uongo wangu, palikuwa na visiki. Vingi. Mikoko imekatwa karibu na maji, mikato bado myeupe.

"Ile si mikoko ya kule kwenye mkondo?"

"Ndiyo hiyo. Na lile lori lilipokuja ilikuwa imesimama."

"Nani kaikata? Shemeji, wewe si ndiye uliyekuwa unapeleka boriti Pangani?"

"Mimi? Hizo zangu zilikuwa za mvinje, waulize!"

"Mvinje haukatwi hivyo. Mtu hakati mvinje hivyo!"

Wakasimama nusu yao. Mjumbe wa kijiji akaitwa kutoka alikokaa, na mwanamke mmoja akasema nyumba yake ndiyo ya kwanza kutoka baharini, na maji yakikosa mikoko ya kuyazuia yataanzia kwake, kwa hiyo yeye ndiye ataanza kusema, na atasema hadi amalize. Filamu zetu tatu, kwa vijiji vyote tulivyozunguka, hazikuwahi kuzaa hata robo ya kelele ile. Nilijikuta nimeinuka mkekani ili nivione visiki vizuri.

"Mwalimu," akasema mtu nyuma yangu, "inama. Unatuzibia."